Kulala Kambini Pwani ya Mtwara na Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya familia inayopanga kulala siku mbili tatu ufukweni, kwenye vibanda vya mbao au mahema yenye vitanda, upande wa Msimbati na Mikindani. Mengi yake yanafaa pia Lindi na Kilwa. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile la mwezi na maji.

Hii kambi ya starehe ni kambi gani? Tutalala chini?

Hapana. Hema unalikuta limeshasimama, lina sakafu ya mbao au turubai zito, kitanda, godoro, shuka, chandarua na taa. Wenye biashara siku hizi wanaiita glampingi. Kibanda ni chumba kidogo cha mbao, paa la makuti au bati, mara nyingi na kibaraza.

Swali la kumuuliza mwenye kambi kabla ya jingine lolote ni choo. Kiko ndani ya hema au nje? Kama ni nje, ni hatua ngapi, na njia ina taa? Mtoto wa miaka 5 akiamka saa 8 usiku, hatua 60 kwenye mchanga gizani ni safari. Wazoefu hubeba ndoo yenye mfuniko, na hawaoni aibu.

Twende mwezi gani?

Kusini huku hakuna vuli na masika kama Dar es Salaam. Mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo likizo mbili kubwa za shule zinaangukia hali mbili tofauti kabisa.

Likizo ya Juni iko ndani ya kusi, msimu wa upepo wa kusini-mashariki. Hakuna mvua, jua si kali sana, usiku unahitaji shuka nzito au blanketi jepesi, lakini upepo unavuma hasa kuanzia saa 5 asubuhi na bahari ya wazi inachafuka. Likizo ya Desemba bahari ni tulivu zaidi na maji ni ya vuguvugu, ila hema linawaka moto kuanzia saa 3 asubuhi na mvua inaweza kukushika. Ukiweza kuchagua, Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba ndiyo raha: kusi imelegea, mvua bado, na Agosti hadi Oktoba nyangumi wenye nundu hupita karibu na pwani hii.

Mawili ya kuangalia kwenye kalenda. Siku za Nane Nane, Lindi mjini hujaa kwa sababu ya maonyesho ya Ngongo. Na kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza, nyumba za wageni Mtwara huwa na watu wengi na barabara huwa na malori mengi.

Kwa nini kila mtu anatuambia tuangalie mwezi kabla ya kulipa?

Kwa sababu bahari hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Ufukwe ulioupiga picha saa 10 jioni ukiwa na maji mpaka kwenye ngazi, saa 4 asubuhi unaweza kuwa uwanja wa matope, nyasi za bahari na matumbawe. Familia nyingi zinazorudi zikilalamika kwamba "hakuna bahari" zilienda siku sahihi kwa kalenda ya ofisi na siku mbaya kwa kalenda ya maji.

Hesabu yake wavuvi wanaifanya kwa tarehe za mwezi mwandamo, nawe unaweza:

Mwezi 1 hadi 3, na 15 hadi 17, ni bamvua. Maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hukauka karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Asubuhi ni ya kutembea nchi kavu ya bahari na kuangalia wanawake wakichokoa pweza. Kuogelea ni jioni.

Mwezi 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, bahari haikimbii mbali, na maji hujaa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Kwa watoto wadogo hizi ndizo siku zenyewe: wanaoga asubuhi, wanakula, wanalala.

Kila siku muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukiona leo maji yamejaa saa 4 asubuhi, kesho tarajia saa 5 kasoro dakika 10. Muulize mwenye kambi akutumie jedwali la maji la siku zako. Akikujibu kwamba "maji yapo muda wote", muulize mvuvi.

Msimbati au Mikindani?

Msimbati ni bahari ya wazi, mchanga mweupe na mrefu, upepo mwingi, huduma chache. Mikindani ni ghuba iliyofunikwa, maji yametulia, kuna mikoko, na uko kilomita 11 hivi tu kutoka Mtwara mjini, karibu na duka la dawa na soko. Ina mji mkongwe wa kuutembeza watoto kwa mguu: Boma la Wajerumani, nyumba za zamani za mawe, na habari za Livingstone aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mwenye mtoto mchanga tungempeleka Mikindani bila kufikiri mara mbili. Mwenye vijana wa miaka 10 kwenda juu, Msimbati.

Kasoro ya Mikindani ni usubi, wale wadudu wadogo sana wanaouma, na hilo lina swali lake chini.

Kibanda au hema?

Mvua ikikaribia, kibanda. Mtoto chini ya mwaka mmoja, kibanda. Mwenye pumu, kibanda, lakini omba cha bati au cha makuti mapya. Makuti ya zamani yana vumbi na wadudu. Juni hadi Oktoba kwa watu wenye afya zao, hema ni tamu zaidi, kwa sababu unasikia bahari usiku kucha.

Hema la duara lenye nguzo moja katikati na upana wa mita 5 linatosha wazazi wawili na watoto wawili au watatu. Tangazo likisema watu 6, hao ni watu 6 wasio na mabegi. Omba vipimo vya vitanda kwa futi: 5 kwa 6 ya wazazi, na 3 kwa 6 kila mtoto. "Kitanda cha ziada" mara nyingi ni godoro la inchi 4 sakafuni, jambo ambalo si baya, ilimradi chandarua chake kipo na kinafika chini.

Hema halipeperuki kwa kusi?

Lililofungwa vibaya linapeperuka. Tatizo si kitambaa, ni mchanga. Kigingi cha chuma cha sentimita 20 kinachoshika vizuri kwenye udongo wa Newala, kwenye mchanga wa pwani unaking'oa kwa vidole viwili.

Fundi anayejua kazi hatumii kigingi kifupi. Anachukua mfuko wa sandarusi wa kilo 25, anaujaza mchanga, anaufunga kamba kiunoni kama mzigo wa kuni, anachimba shimo la nusu mita, anaulaza mfuko ndani ukiwa umekingama na uelekeo wa kamba, anafukia, anamwagia ndoo ya maji na kukanyaga. Kamba inatoka mchangani kwa mwinamo, haisimami wima. Mfuko mmoja kila kona na kila kamba kubwa. Ukifika, shika kamba ya upande wa kusini-mashariki uivute kwa uzito wako wote. Ikicheza, ita mhudumu kabla ya jua kuzama, maana gizani hakuna anayechimba vizuri.

Angalia pia mlango umeelekea wapi. Wakati wa kusi, mlango unaotazama kusini-mashariki unapokea upepo na mchanga usiku kucha. Na kamba za nailoni hulegea zikilowa, kamba za katani na pamba hukaza; ndiyo maana baada ya mvua lazima mtu azungukie hema azikague zote.

Halafu tazama juu. Hema likiwa chini ya mnazi wenye nazi, hama. Hakuna mjadala hapo.

Asubuhi tulikuta shuka zimelowa na mvua haikunyesha. Paa linavuja?

Hapana, ni pumzi zenu. Watu wanne wakilala na zipu zote zimefungwa, mvuke unagonga turubai lililopoa na kugeuka matone. Acha dirisha la chini na la juu wazi, vyote viwili, vikiwa na wavu. Moja peke yake halitoshi kwa sababu hewa haizunguki. Usitundike taulo mbichi ndani. Vitanda viwe mbali na ukuta wa hema kwa kiganja kimoja au viwili, maana turubai lenye unyevu likiguswa na shuka linapitisha maji pale pale.

Kuna umeme? Naweza kupiga pasi?

Kambi nyingi za mbali na mji zinategemea sola, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa wageni na wahudumu unapoanzia. Chukua hesabu ya kawaida: betri ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa) inabeba wati-saa 1,200. Kama ni lithiamu unaitumia karibu yote. Kama ni ya asidi, usishushe chini ya nusu, yaani una 600 tu.

Matumizi ya familia usiku mmoja: feni mbili za wati 20 kwa saa 9 ni 360, taa nne za wati 5 kwa saa 4 ni 80, simu nne ni kama 60. Jumla 500. Betri ya asidi iko ukingoni. Sasa mtu anachomeka pasi ya wati 1,000 kwa dakika 20: wati-saa 333, karibu sawa na feni zote mbili usiku mzima. Ndiyo maana saa 9 usiku feni zinakata na watoto wanaamka wakilia. Birika la umeme la wati 2,000 hata halifiki huko, linazima inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, papo hapo.

Leta nguo zisizohitaji pasi, taa ya kichwani moja kwa kila mtu, na pawabenki iliyojaa. Mwenye mashine ya kupumulia usiku au dawa za kuhifadhi kwenye baridi, kama insulini, aulize wati na saa kwa maandishi, au alale Mtwara mjini.

Maji ya bombani yana chumvi?

Mara nyingi ndiyo, kwa kuwa visima vya karibu na bahari huchanganyika na maji ya chumvi. Ya kuogea na chooni hayana shida, ila sabuni haitoi povu. Ya kunywa na kupikia beba au nunua: lita 3 kwa mtu mzima kwa siku, lita 2 kwa mtoto, ongeza dumu moja la lita 20 la akiba. Usichanganye maziwa ya mtoto kwa maji ya kisima hicho hata yakichemshwa. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi inabaki.

Pampasi zisitupwe chooni. Shimo dogo la mchangani linaziba kwa mbili tu.

Mbu na usubi je?

Malaria kusini ni jambo la kweli. Chandarua chenye dawa kila kitanda, kimechomekwa chini ya godoro kabla ya saa 12 jioni, si baada ya kula. Mikono mirefu jioni, dawa ya kupaka kwenye vifundo vya miguu. Mtu akipata homa kuanzia siku 7 hadi mwezi mmoja baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo, na amwambie daktari alikuwa Mtwara.

Usubi ni mdogo kuliko tundu la chandarua, anatoka kwenye mikoko na matope, anauma alfajiri na jioni pasipo na upepo. Dawa yake ya kweli ni feni: hawezi kuruka kwenye upepo. Mafuta ya nazi yaliyopakwa kwa wingi husaidia kwa kumnasisha tu.

Tunaweza kupika wenyewe? Na jiko la mkaa?

Kupika ndiyo, ila nje, upande upepo unakoelekea, hatua 10 kutoka kwenye turubai au makuti yoyote, na ndoo ya mchanga pembeni. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema hata likiwa "limeshazima", hata kuna baridi, hata dirisha liko wazi. Makaa yanayofifia ndiyo yanatoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Haina harufu, na waliolala hawaamki. Jiko la gesi nalo hivyo hivyo.

Samaki na pweza nunua kwa wavuvi mitumbwi inaporudi, ukiwa na barafu yako. Sokoni Mtwara tafuta ming'oko, ichemshwe na chumvi. Watoto wanaomenya wenyewe hawataki tena chipsi, angalau siku ya kwanza.

Watoto wajihadhari na nini?

Viatu kwanza. Raba za zamani zilizofungwa kamba ni bora kuliko kandambili, kwa sababu matumbawe yanakata pembeni na kidonda chake huoza haraka. Kwenye maji ya magotini watembee kwa kuburuta miguu: samaki taa hujifukia mchangani, akisikia mburuto huondoka, akikanyagwa huchoma.

Akichomwa na samaki taa au miiba myeusi ya baharini, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto ambayo mtu mzima anaweza kuyavumilia mkononi, dakika 30 hadi 90, ukiongeza yanapopoa. Joto ndilo linalotuliza maumivu. Kisha hospitali: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Akiguswa na konyeza, osha kwa maji ya bahari. Maji baridi ya bomba na kusugua kwa mchanga huzidisha.

La mwisho wageni hawalijui kabisa: korosho mbichi. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. Mtoto akiokota chini ya mkorosho, akaing'ata au kuitupa motoni, anababuka midomo na uso. Bibo, lile tunda lenye maji, ale; korosho amwachie anayejua kubangua.

Tunafikaje?

Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560 kwa barabara, siku nzima ukiwa na watoto. Njia inapita Daraja la Mkapa, Nangurukuru ambako wa Kilwa Masoko wanakata kushoto, Lindi, kisha Mingoyo. Msimu wa mvua uliza hali ya eneo la Somanga kabla ya kuondoka. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara huko. Ndege hadi Mtwara ni kama saa moja.

Kutoka mjini kwenda Msimbati, unashika njia ya Mangamba na Madimba. Mkifika kwenye mchanga mwingi, gari dogo lisilazimishwe. Gari la fowili punguza upepo wa matairi hadi 18 psi hivi, usikanyage breki kwa ghafla, na uwe na pampu ya kujazia ukirudi kwenye njia ngumu. Gari halipakiwi chini ya alama ya maji. Kila bamvua huwa na mtu aliyesahau hilo.

Beba vitambulisho, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa mpaka wa Msumbiji uko karibu. Mitambo ya gesi haipigwi picha, na droni inahitaji kibali.

Mbona tunatozwa kiingilio kingine zaidi ya kambi?

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kiingilio ni cha serikali, hulipwa kwa namba ya malipo, na raia hulipa tofauti na mgeni. Uliza kama bei ya kambi inakijumuisha, kama ina VAT ya asilimia 18, na kama ni kwa hema au kwa kichwa. Haya matatu ndiyo hubadilisha bei ya tangazo.

Ndani ya hifadhi, kombe, matumbawe na nyota za bahari vinabaki vilipo, hata vilivyokufa.

Usiku tukimwona kasa?

Zimeni taa nyeupe zote, kaeni kimya nyuma yake, si mbele. Taa humrudisha baharini kabla hajataga, na vifaranga, wanaotoka baada ya takriban siku 50 hadi 60, hufuata mwanga wa kambi badala ya bahari. Hii pia ndiyo sababu magari hayaruhusiwi kukimbizana ufukweni.

Mavazi?

Ufukweni mbele ya kambi vaeni mnavyotaka kuogelea. Mkipita kijijini, khanga kiunoni na mabega yafunikwe, baba naye avae shati. Mwezi wa Ramadhani msile njiani mchana.

Kimbunga kikitangazwa?

Ni nadra, ila Kenneth wa Aprili 2019 alitua kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na hapa. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa tahadhari, ondokeni mchana huo huo kwenda mjini kwenye jengo la zege. Kambi nzuri inarudisha pesa au inabadili tarehe; pata hilo kwa maandishi mapema. Dharura ni 112, zimamoto 114.

Tumekuja na hema letu. Siku ya kuondoka tulifanyeje?

Lisikunjwe likiwa na chumvi. Pukuta mchanga, futa zipu kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, meno yote mpaka mwisho, kisha sugua mshumaa juu yake. Likikunjwa bichi kwa sababu basi linaondoka alfajiri, lifungue jioni hiyo hiyo mkifika nyumbani. Ukungu hauhitaji zaidi ya siku mbili, na yale madoa meusi hayatoki.